Wanaoogopa Maji

Mikono yangu ilikuwa bado inachuruzika maji niliposimama mbele ya meza ya Profesa. Hodi yangu haikuwa hodi. Niligonga mara moja na kusukuma mlango hapohapo, maana nilijijua: nikisubiri kujibiwa, nitageuka nirudi kwenye sinki. Ndani ya mfuko wa aproni mlikuwa na chupa ndogo ya sabuni ya maji, na kila niliposogea ilinigusa paja kama mtu anayenihimiza.

Chumbani walikuwemo watu watatu. Profesa mwenyewe, nyuma ya meza. Mtafiti, yule dada aliyekuwa akisomea udaktari wa sayansi, ameketi ukingoni mwa kiti na macho yamemvimba. Na Fundi wa maabara, mwenye mashine zote za jengo lile na mizaha yake yote, ameegemea kabati. Juu ya meza kulikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa, na juu ya karatasi kalamu isiyo na kifuniko.

"Kuna nini, binti?" Profesa aliuliza.

Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Angekuwa mkali ningemwogopa kama watu wengine ninavyowaogopa. Kwa upole ule, nilimwogopa mara mbili.

Nilifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Redio imekata mawimbi," Fundi alisema, si kwa ubaya. Redio ndilo jina alilonipa wiki yangu ya kwanza, kwa sababu nilikuwa sisemi.

Nyuma yangu nikasikia funguo zikigongana. Ni shangazi yangu, msimamizi wa usafi, amekuja mbio kutoka ghorofa ya chini. "Tusamehe, Profesa. Huyu mtoto kachanganyikiwa na joto. Twende zetu." Akashika mkanda wa aproni yangu, akavuta.

Nami nikashika ukingo wa meza.

*

Nilianza kazi pale mwezi wa tatu. Kabla ya hapo nilikuwa nikiosha glasi kwenye hoteli moja yenye kelele, kazi niliyoingia baada ya kutoka shule darasa la sita, mwaka ambao mama alilala kitandani na mtu wa kumgeuza alikuwa mimi. Hotelini nilifundishwa na mama mmoja mnene aliyeosha glasi miaka mingi hadi kucha zake zikawa laini kama karatasi. Aliniambia: glasi haichafuliwi na uchafu, inachafuliwa na maji. Maji yakikauka juu yake yanaacha madoa. Kwa hiyo ukishasuuza, ichovye mara ya mwisho kwenye ndoo yenye tone moja la sabuni, usiisuuze tena, iinamishe. Maji yatateleza yote yaondoke. Mteja atadhani umempa hewa ashike mkononi.

Shangazi aliponitafutia nafasi maabara, alinishika mashavu yote mawili, akanitazama. Alikuwa ameanza kazi katika jengo lile na ufagio. Sasa alikuwa na funguo za milango thelathini na mbili. "Aliyekuleta hapa ni mimi," alisema. "Ukisifiwa, nimesifiwa. Ukiharibu, umeniharibu mimi. Umesikia?" Nikaitikia kwa kichwa. "Kwa mdomo!" "Nimesikia, shangazi."

Sinki langu lilikuwa mwisho wa ukumbi, chini ya dirisha. Waliniletea vikombe vya glasi visivyo na mkono, ambavyo wao huviita bika, na chupa zenye shingo ndefu, na vijiti vya kukorogea. Ukutani palibandikwa karatasi ya maagizo: poda ya kuoshea, kisha maji ya bomba mara tatu, kisha mara moja maji ya mtambo, yale yasiyo na kitu ndani yake. Nilisoma polepole, kwa kidole, nikaelewa kila neno. Nikafuata yote. Halafu nikaongeza langu: ndoo ndogo, tone moja, chovya, inamisha.

Sikuvunja agizo lolote. Karatasi haikusema nisifanye. Aliyeiandika hakuwahi kufikiri kwamba atatokea mtu wa kufanya hivyo.

Na zilivyong'aa! Wiki ya pili Mtafiti alikuja kichanjani, akainua bika moja kuelekea dirishani, akaigeuza. "Ni nani ameziosha hizi?" Nikainamisha kichwa. "Mdogo wangu, sijawahi kuona glasi safi namna hii," akasema. Nilikwenda nayo nyumbani sentensi hiyo. Nilimwambia mama kabla sijavua viatu.

Ndiyo maana sasa, nikikumbuka, kinachoniuma si kosa. Ni ile furaha.

Maana miezi iliyofuata, nikiwa nimewapa mgongo na bomba linatiririka, nilikuwa nikisikia kila kitu. Watu humsahau mtu anayeosha vyombo. Nilisikia kazi ya Mtafiti inakataa. Nikasikia anarudia, inakataa. Wengine pale walitumia vyombo vya plastiki vya kutupwa. Yeye kazi yake ilihitaji vyombo vikubwa, kwa hiyo alitumia glasi, na kwa kuwa alikuwa mwangalifu, alichagua zilizong'aa zaidi. Mwezi wa tano alianza kuja kabla ya wote. Mwezi wa sita aliacha kula mchana. Mwezi wa saba nikawasikia wenzake wawili karibu na friza wakinong'ona kwamba matokeo yake ya mwaka uliopita, yale yaliyomletea sifa na kuchapishwa katika jarida la nje, huenda aliyapika. Kama yalikuwa ya kweli, mbona hawezi kuyapata tena?

Mtu akiitwa mwizi huweza kufungua mikoba yake. Mtu akiambiwa amepika matokeo hana cha kufungua.

*

Jumatano moja ya mwezi wa nane wenzake walikwenda kula. Mtafiti akaja kukaa chini, sakafuni kabisa, karibu na sinki langu, ameegemeza kichwa kwenye kabati. Nilizima bomba kwa adabu.

"Usizime," alisema. "Napenda hiyo sauti." Nikalifungua kidogo. Baadaye akauliza, "Umewahi kuogopa kwamba wewe ni mwongo, ila hujijui?"

Nikatikisa kichwa.

"Mimi naogopa. Profesa amenipa mpaka Ijumaa. Nikishindwa tena, nitatia saini barua ya kuwaomba wale wa jarida wayafute matokeo yangu. Sahihi yangu mwenyewe."

Nadhani aliuona uso wangu akanionea huruma, yeye, siku ile. Akachomoa mfukoni utepe wa gundi tuliotumia kuandikia majina kwenye chupa, akavuta kipande kirefu kama mkono.

"Tazama. Protini inapozaliwa iko hivi. Uzi tu, mrefu, hauna kazi." Akauzungusha kwenye penseli, akaichomoa penseli, ukabaki umejisokota. "Sehemu nyingine hujiviringa hivi." Akaukunja mbele nyuma, mbele nyuma. "Nyingine hulala kama marinda ya sketi. Lakini hapo bado haijawa kitu." Akachukua kalamu nyekundu akatia nukta hapa na pale. "Uzi huu umeungwa kwa vipande vidogo vya aina ishirini, kila kimoja na tabia yake. Hivi vyekundu vinaogopa maji."

"Na maji yako wapi?" niliuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza kumuuliza mtu yeyote katika jengo lile.

"Pande zote. Mwili mzima ni maji. Sasa niambie, wewe unaogopa watu, na chumba kimejaa watu. Utafanyaje?"

"Nitajibanza katikati ya ndugu zangu."

Akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Basi umeshaelewa kilichonichukua mimi miaka miwili." Akaufinyanga ule utepe taratibu, nukta nyekundu zikaingia ndani, ukawa bonge. "Hakuna mkono unaoukunja. Ni hawa waoga. Wanakimbilia ndani wote kwa pamoja, na katika kukimbia kwao wanavuta uzi mzima nyuma yao, marinda na misokoto na kila kitu, mpaka kila kipande kikae mahali pake. Wakitulia humo ndani, umbo limeshika."

Sijawahi kuambiwa jambo kama lile. Kwamba waoga ndio walioshikilia nyumba.

Akatengeneza mabonge mengine matatu haraka haraka, akayabana yote manne pamoja. "Ya kwangu ina ukaidi wa ziada. Bonge moja peke yake ni bure kabisa. Mpaka manne yakutane, yashikane hivi, ndipo inafanya kazi: naiweka kwenye dawa isiyo na rangi, dawa inageuka manjano. Mimi naikunjua kwanza kwa kemikali, inabaki nyuzi tupu, halafu naiondoa kemikali polepole niione inavyojikunja upya na kutafutana. Mwaka jana ilijikunja. Niliona kwa macho yangu, manjano hasa. Mwaka huu napata matambara. Yanashikana ovyo, yanazama chini."

"Labda kuna kitu kinawazuia kujificha," nilisema.

"Kina nani?"

"Hao waoga."

Akanitazama kwa muda. Kisha akainua mabega. "Kingekuwa kitu kama sabuni hivi. Sabuni inawakumbatia hukohuko nje waliko, nao wanaona hakuna haja tena ya kukimbilia ndani. Uzi unabaki umelegea." Akasimama, akajipangusa vumbi. "Lakini nani atatia sabuni kwenye protini?"

Akaenda zake. Mimi nikabaki na bomba linatiririka, na ndoo ndogo miguuni pangu, na povu jembamba juu yake, harufu ya limau.

*

Nilimwambia shangazi jioni ileile, kwake, akiwa ameloweka miguu kwenye beseni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe ni mkemia?"

"Hapana, shangazi."

"Basi huna uhakika."

"Sina."

"Kesho acha hiyo sabuni. Mwaga ndoo, kazi itamnyookea mwenyewe, na hakuna atakayejua. Kwa nini ujitie kitanzi?"

"Ijumaa anatia saini, shangazi. Haitawahi."

Akatoa mguu mmoja kwenye maji, akaukausha kidole kwa kidole. Sikumwona kama mtu mbaya, na hadi leo simwoni hivyo. Nilizijua zile funguo thelathini na mbili. "Umenyamaza maisha yako yote," alisema hatimaye, bila kunitazama. "Hili nalo linyamazie. Ni hili tu nakuomba."

Alhamisi nilinyamaza. Niliosha bila lile tone, glasi zikakauka na madoa, nikaona haya kuzitazama. Mtafiti hakuja kichanjani siku hiyo. Alikuwa anakusanya vitu vyake katika boksi. Nilimsikia akimuuliza Fundi kama boksi lina mwenyewe.

*

"Mwache aseme," Profesa alimwambia shangazi. Mkono ukaachia mkanda wangu.

Nilitoa ile chupa nikaiweka juu ya meza. Kutazama watu sikuweza, nikaizungumzia chupa. "Glasi za dada nazitia hii. Mwisho kabisa, nikishamaliza maji ya mtambo. Tone moja kwenye ndoo. Nachovya, sisuuzi tena. Ili zing'ae." Sauti yangu niliisikia kwa mbali, kama ya jirani. "Asisaini. Si yeye. Ni mimi."

Kisha Fundi akaichukua chupa, akaifungua, akainusa. "Lahaula. Kumbe ndiyo hii? Miezi yote mimi nadhani ni manukato ya Daktari Mtarajiwa," akamwelekezea Mtafiti kidevu.

"Tangu lini?" Profesa aliuliza.

"Tangu nianze. Mwezi wa tatu, tarehe nne."

Mtafiti akainuka. Alifungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa nyingi, kidole chake kinashuka kwenye mistari vilevile kama changu ninaposoma. "Tarehe tisa," alisema. "Kushindwa kwangu kwa kwanza ni tarehe tisa."

Profesa alivua miwani. "Lakini protini nyingine zimefanya kazi kwenye glasi hizohizo. Hata hii ya kwako, kabla ya kuikunjua."

"Zile zilishajikunja," Mtafiti akajibu, na nikaona uso wake unarudi mahali pake kadiri anavyosema. "Zimefunga milango. Mabaki kidogo kama hayo hayawezi kuzikunjua. Zangu mimi yanazikuta ziko wazi, ndiyo kwanza zinaanza." Akanigeukia. Nilidhani atanishukuru, nasema kweli. Mtu hudhani mambo. "Miezi mitano," alisema. "Miezi mitano nalia chooni, na wewe uko pale unachovya!"

"Nisamehe, dada."

Alifunga daftari lake. Profesa akachukua kalamu, akaifunika kifuniko chake. "Jumatatu," alisema.

Fundi ndiye aliyechagua bika mbili, akazitia alama chini ambazo alizijua yeye peke yake. Moja niliiosha kwa mtindo wangu, mbele ya wote. Nyingine aliisuuza yeye mara kumi. Protini ikakunjuliwa, ikawekwa katika zote mbili, ikaachwa ijitafutie njia mwisho wa wiki mzima ndani ya chumba cha baridi. Mama aliniuliza Jumamosi kwa nini siongei. Niliona kichekesho, maana kila siku huwa siongei; lakini mama anakijua kimya changu, kina aina zake.

Jumatatu asubuhi walimimina ile dawa isiyo na rangi katika neli mbili, vichupa vyembamba vya glasi, wakatia katika kila moja protini kidogo kutoka bika yake. Tulisimama wote, hata shangazi, na ufagio mkononi ambao hakuwa ameushika kwa miaka. Dakika ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Mtafiti alikuwa amefumba macho.

"Fumbua," Fundi alimwambia, na kwa mara hiyo hakuwa na mzaha.

Neli ya kulia ilikuwa imeanza kuwa na rangi, hafifu, kama karatasi iliyokaa juani. Ikakolea. Ikawa manjano kamili. Ya kushoto ilibaki maji tu, na utandu mweupe ukizama chini. Fundi akageuza bika tuone alama zake, ingawa wote tulishajua.

Profesa alimwambia Mtafiti, kwa sauti ileile ya chini, "Nilikukosea." Akatoka. Mtafiti aliendelea kuitazama neli kana kwamba ikiachwa itageuka tena.

*

Hawakunifukuza. Shangazi alipewa barua ya onyo, akaikunja akaiweka kwenye sidiria, na kwa wiki mbili alisema nami kwa maneno ya kazi tu: ndoo, ngazi, vioo. Halafu siku moja alinipa nusu ya mkate wake bila neno, nikajua yamekwisha. Karatasi ya ukutani iliongezwa mstari kwa wino mwekundu. Ilipigwa chapa upya, na mimi ndiye niliyetumwa kuibandika.

Jambo lililokuwa gumu ni jingine. Mtafiti alirudia salamu zake za asubuhi, akanijulia hali ya mama, alikuwa mwema. Lakini kila alipochukua bika kwenye kichanja changu, alikwenda nayo kwenye bomba la upande wa pili, akaisuuza mwenyewe. Mara tatu, nne, kumi. Hakufanya kwa kunikomoa. Naamini hakujua kwamba namwona. Nilisikia yale maji kila siku, na nilihesabu, na alikuwa na haki. Mwezi wa tisa ulipita hivyo. Wa kumi ukapita. Fundi alisema, "Redio, siku hizi unaongea kidogo, halafu unazima tena. Betri?" Nikacheka kwa heshima yake.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, mvua ikipiga dirisha langu. Mtafiti aliingia na koti lake jeupe mabegani, hajatia mikono, anazungumza na mtu kwenye simu kuhusu jambo jingine kabisa. Akafika kichanjani. Akachukua bika ya kwanza aliyoikuta, yenye doa dogo la maji yaliyokaukia ubavuni. Mimi nikageuza uso, nikasubiri kusikia bomba la upande wa pili.

Sikulisikia. Nilipoangalia, alikuwa amekwisha mimina protini yake ndani, anakoroga, simu imebanwa begani, anacheka na yule mtu.

Nikaendelea kuosha.